Betri ya tatu

Jumatatu ile asubuhi, kabla sijamaliza kufungua kufuli la garaji, kijana mmoja alikuwa tayari amesimama mlangoni na betri mpya begani. Nyuma yake alikuja mama mmoja wa Kadutu, muuza vitenge, amejifunga kitenge kiunoni kwa nguvu, namna ambayo ukiiona unajua mtu huyu hakuja kupiga gumzo.

"Jambo, fundi."

"Jambo, mama. Karibu."

"Hii ni betri ya tatu tangu mwaka uanze. Ya tatu! Uniwekee, halafu uniambie ukweli: gari yangu inakula betri juu ya nini?"

Sikuiweka. Nilimpa kiti, nikamwuliza gari liko wapi. Akaninyoshea kidole barabara ya juu. Lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, kichwa kikitazama bondeni.

Mtu wa Bukavu, huku mashariki ya Kongo, hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Mji wetu ni vilima vitupu, unatoka ziwani unapanda, unatoka sokoni unapanda. Ukiona gari linalazwa kila siku kichwa chini, ujue mwenyewe hana tena imani na starta, ile mota ya kuamsha injini. Asubuhi anaachia breki, gari linabingirika, anatia gia ya pili, anaachia klachi, injini inashika. Gari la gia za mkono linakubali hivyo. Lenye gia otomatiki utalisukuma hadi Panzi na halitawaka, kwa sababu magurudumu hayana namna ya kuizungusha injini iliyozimika. Mama yule alikuwa ameishi na mteremko wake miezi saba. Siku akienda mahali tambarare, aliwalipa vijana wamsukume.

Huu ni mwaka wangu wa 17 nikishika nyaya za magari katika mji huu. Naandika leo kwa ajili ya betri ile, maana naona jambo hilohilo kila wiki: mtu anafika na kifaa mkononi, amekwisha kukinunua, na hakuna hata mmoja aliyeliuliza gari linaumwa nini. Dola 70 hapa, dola 100 pale, na ugonjwa bado uko palepale. Katika nyumba nyingi fedha hizo ndizo karo ya shule.

Mzee aliyenifundisha kazi hakufungua boneti ya mtu kabla ya kuuliza maswali manne. Lilianza lini? Linafanya hivyo likiwa baridi au likishapata moto? Mvua ikinyesha inakuwaje? Na nani aliligusa mara ya mwisho, kwa kazi gani? Alikuwa akiyauliza polepole, akimtazama mtu usoni kama muuguzi. Nilipokuwa kijana nilimwona anapoteza muda. Sasa najua kwamba swali la nne peke yake limenitatulia kesi nyingi kuliko chombo chochote nilicho nacho. Magari mengi yanaingia garaji na ugonjwa mmoja, yanatoka na mwingine.

"Mama, ilianza lini?"

"Tangu walipobadilisha ambrayaji, hiyo klachi. Siku chache nyuma yake."

"Na baada ya hapo, nini kingine kimeguswa?"

Akafikiri. "Betri. Halafu alternata, ile ya kuchaji betri, waliweka ya okazio, iliyokwisha kutumika. Halafu kebo ya akseleta. Ilikuwa inakwama, na inanuka kama plastiki inaungua."

Hapo nikanyamaza kidogo. Kebo ya akseleta ni waya wa chuma tu unaovuta koo la injini pale unapokanyaga. Umeme haupiti humo. Hakuna sababu ya kebo hiyo kuungua, ila moja.

Nikaenda na multimita yangu, kile kipima umeme. Ni ile ndogo ya rangi ya njano inayouzwa kwa dola chache, tena ukiwa na gari katika mji huu ningependa uwe na yako. Hesabu za betri ni rahisi. Injini ikiwa imelala tangu usiku, betri iliyojaa inaonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12.0 au chini, iko njaa. Ile ya mama, betri ya pili, iliyokuwa bado ndani ya gari, ilinipa 12.3. Haijashiba, lakini haijafa.

Kipimo cha maana ni kile cha pili. Unaacha vidole vya mita juu ya nguzo za betri, mwenzako anawasha, wewe unatazama namba inavyoshuka wakati starta inavuta. Betri iliyochoka huporomoka chini ya volti 9.6, taa za dashibodi zinafifia, unasikia tik-tik-tik ya harakaharaka, ndiyo swichi ya starta inayoshika na kuachia kwa kukosa nguvu. Nilimwambia kijana awashe. Starta ikazunguka kizembe, mara mbili, kama mtu anayeamshwa usingizini, ikasimama. Namba kwenye mita haikushuka chini ya 10.9.

Tafadhali tua hapo nami, kwa sababu kesi nzima iko katika namba hiyo. Betri ingekuwa mbovu, ingeanguka. Haikuanguka. Ilikuwa na nguvu ya kutoa na haikupata njia ya kuitolea. Kati ya betri na starta palikuwa na kitu kimesimama katikati ya barabara. Betri ya tatu, ile mpya begani mwa kijana, ingekutana na kizuizi kilekile.

Umeme wa gari hutoka nguzo ya chanya kwa waya mnene, unafanya kazi kwenye starta, kisha lazima urudi nyumbani kwenye nguzo ya hasi. Njia ya kurudi haina waya mrefu kama ya kwenda: inapita kwenye chuma chenyewe, injini na bodi. Sisi huku tunaiita masi. Watu wanachunguza sana njia ya kwenda na kusahau ya kurudi, ilhali umeme unaorudi ni uleule na kwa wingi uleule.

Nikapima kwanza upande wa kwenda, kidole kimoja kwenye nguzo ya chanya, kingine kwenye msumari wa starta, gari likiwashwa: volti 0.2. Safi. Nikahamia upande wa kurudi. Kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye bodi: karibu sifuri. Safi. Kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma cha injini chenyewe, huku starta inahangaika: volti 3.1.

Palipotakiwa kusoma 0.2 hivi, palisoma 3.1. Volti tatu nzima zilikuwa zinapotea kati ya injini na bodi, hazifiki kwenye kazi. Starta ya gari dogo inavuta ampea 150 hivi kwa urahisi. Kwa wingi huo, kizuizi cha ohmu 0.02 tu kinatosha kula volti tatu. Ohmu 0.02 ni kitu usichoweza kukiona kwa jicho, wala mita ya kawaida haikipimi sawasawa ukiweka kwenye ohmu. Ndiyo maana kipimo hiki lazima kifanywe umeme ukiwa unapita. Waya ukiwa umelala, kila waya ni mzima.

Nikajilaza chini ya gari. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani vizuri na bodi; kinachoziunganisha ni utepe wa shaba uliosukwa, mmoja tu katika gari lile, umefungwa upande mmoja kwenye gia boksi na upande wa pili kwenye bodi. Ukibadilisha klachi lazima uteremshe gia boksi, na ukiiteremsha lazima ufungue utepe ule. Aliyeurudisha aliufunga juu ya matope na rangi, kwa bolti isiyokuwa yake, na bolti imelegea. Shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Niliigusa kwa kidole baada ya jaribio lile: ilikuwa moto kama kikombe cha chai.

Na kebo ya akseleta? Umeme ukizuiwa njia yake haukai kungoja, unapita popote penye chuma. Kebo ile ilitoka kwenye bodi ikaenda kushikana na injini, ikawa ndiyo masi ya gari zima. Kila mama alipowasha, waya mwembamba wa kukanyagia mafuta ulibebeshwa mzigo wa starta, ukapata moto, plastiki ya ndani ikayeyuka, kebo ikakwama. Wakabadilisha kebo. Ile mpya nayo ilikuwa imeanza kulainika.

Alternata pia ilisingiziwa. Inajifunga kwenye injini, kwa hiyo nayo inarudisha umeme kwa utepe uleule. Yenyewe ilikuwa inatoa 14.2, na kwenye betri zilifika 13.4. Kwa kiasi hicho betri haishibi, hasa kwa safari zetu fupi za mjini, taa zimewashwa, kutoka Kadutu hadi Nyawera na kurudi. Betri isiyoshiba kwa miezi hujenga ukoko mgumu kwenye bamba zake za risasi, halafu siku moja inakataa kabisa. Hivyo ndivyo ya kwanza ilivyokufa, na ya pili ilikuwa njiani.

Msasa, brashi ya waya, bolti ya kipimo chake na washa yenye meno, grisi kidogo juu ili maji yasirudi. Nusu saa. Nikapima tena: 0.15. Kijana akagusa ufunguo, injini ikawaka kabla mkono haujamaliza kuzungusha. Kwenye betri, 14.1.

Mama alisimama pale akiangalia gari lake linanguruma bila kubingirika. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Sasa zile fedha zote?"

Sikuwa na jibu. Ningependa mafundi wenzangu mlisikie swali lile kama nilivyolisikia mimi.

Najua mwenzangu aliyebadilisha betri hakuwa mwizi. Aliona starta ikizunguka kizembe, akafikiri betri, maana mara nyingi ni betri. Mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa tatu wa kazi nilimwambia mwalimu mmoja kwamba alternata yake imekufa. Akauza kitu nyumbani akanunua. Wiki mbili baadaye akarudi na ugonjwa uleule, na ndipo nilipouona mkanda umelegea, unateleza juu ya puli kila taa zinapowashwa. Ulikuwa unapiga kelele kila asubuhi na mimi nilikuwa nausikia. Nilimrudishia kile nilichoweza. Tangu siku hiyo mita inatoka mfukoni kabla ya spana.

Kuna desturi moja ambayo ningeomba iishe leo. Mtu anataka kujua kama alternata inachaji: anawasha injini, halafu anang'oa kosi moja ya betri, kile kishikio cha waya. Injini ikiendelea, anasema alternata nzima. Wazee walifanya hivyo kwenye magari ya dinamo, na hayakuwa na kompyuta ya kuharibika. Gari la leo lina kompyuta ya injini, ya breki, ya gia. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya alternata. Ukiing'oa ghafla, umeme unaweza kuruka hadi makumi ya volti kwa kufumba na kufumbua, na unachoma kwanza vile vitu vidogo vya bei kubwa. Nimekwisha kupokea gari lililoingia kwenye garaji ya mtu likiwa na betri dhaifu, likatoka likiwa na kompyuta iliyokufa. Gusisha mita kwenye nguzo za betri injini ikiwa inazunguka: kati ya 13.8 na 14.5, alternata inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, inapika betri, nayo utaisikia kwa harufu ya mayai yaliyooza. Umemaliza kupima, na hukung'oa kitu.

Kwa wale ambao gari linalala zima na kuamka limekufa: hapo kuna kitu kinachonyonya usiku, na mara nyingi ni redio au kengele ya wizi iliyofungwa na mtu wa barabarani, waya umeunganishwa moja kwa moja bila kupita kwenye fyuzi. Funga mita katikati ya nguzo ya hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10, funga milango, ngoja dakika kama 20 hadi kompyuta zilale. Na usijaribu kuwasha gari wakati mita iko hapo, utaiunguza. Miliampea 50 au chini ni kawaida. Ukiona nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 itapoteza nusu ya akiba yake kwa chini ya siku mbili. Anza kutoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiitoa namba inashuka, mwizi anakaa kwenye chumba hicho.

Sasa joto, maana hapa ndipo mji wetu unapotofautiana na vitabu.

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu mingi iko juu zaidi. Kwenye kimo hiki maji hayangoji nyuzi 100 ili yachemke, yanachemka kwenye 95 hivi. Kila mama anayepika maharage hapa anajua yanachelewa kuiva kuliko Uvira kule chini, hata kama hajawahi kuambiwa sababu. Termostati ya gari, kile kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, na feni za umeme za magari mengi huamka karibu na 95. Weka namba hizo pamoja. Gari ambalo maji yake yamekaa wazi bila shinikizo, hapa Bukavu, linaweza kuchemka wakati uleule feni inapojiandaa kuanza.

Kinacholiokoa ni mfuniko wa rejeta. Ndani yake mna springi na mpira, na kazi yake ni kuyabana maji hadi shinikizo lifike, kwa magari mengi, karibu baa 0.9 au zaidi. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kabla ya kupita nyuzi 110. Kifuniko kidogo kama sahani ya chai! Mpira wake ukikauka na kupasuka, unakuwa umempokonya dereva nyuzi zaidi ya 15 za usalama, na hakuna taa itakayomwambia.

Jaribu hilo kwenye barabara ya Ngomo. Unatoka Uvira kuja Bukavu, ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, unapita tambarare ya Ruzizi na joto lake, ukishaiacha Kamanyola unaanza kona za Ngomo, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, mzigo umejaa, lori liko mbele yako linatembea kama konokono, upepo haupo. Hapo ndipo magari yanaposimama yakitoa mvuke, na vijana wanakuja na bidoni za maji. Mwaka uliopita dereva mmoja wa basi dogo aliletwa kwangu pamoja na gari lake, mkono wake wote umefungwa bendeji. Alikuwa amefungua mfuniko huku injini inachemka. Maji yaliyobanwa, ukiyaachia ghafla, sehemu yake inageuka mvuke kwa mara moja na kuyarusha yaliyobaki. Naandika hili kwa herufi za kawaida lakini nalisema kwa sauti ya juu: usifungue rejeta ya moto. Zima, kaa chini ya mti, subiri hadi uweze kuushika mfuniko kwa kiganja bila kuuondoa mkono.

Dereva yule alidai joa ya kulasi imekufa, ile gasketi iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa barabarani, na alikuwa tayari kulipa kazi ya kufungua injini nzima. Nikamwuliza yale maswali. Linapata joto wapi? Mlimani tu, au hata ukisimama kwenye msongamano? Mlimani tu. Tambarare liko sawa? Sawa. Asubuhi moshi mweupe? Hapana. Oili imekuwa kama maziwa? Hapana. Mapovu kwenye rejeta likiwa limewashwa baridi? Tukaangalia pamoja: hakuna hata moja.

Linalochemka likisimama na kupoa likikimbia, feni yake haifanyi kazi. Linalochemka mlimani tu kwa mzigo, maji yake hayazunguki ya kutosha au hayabanwi: rejeta imeziba, mfuniko umechoka. Linalochemka mapema huku bomba la chini la rejeta bado baridi, termostati imegoma kufunguka. Na lile linalosukuma mapovu, linalokunywa maji bila kuvuja, linalotoa moshi mweupe wenye harufu tamu hata baada ya kupata moto, hilo ndilo la kulasi. La dereva wangu lilikuwa na mfuniko uliopasuka na rejeta iliyojaa kutu. Kutu ile ilitokana na miaka ya maji matupu ya mtoni bila dawa ya rejeta, ambayo huzuia kutu na kupandisha pia kiwango cha kuchemka. Tena fundi mmoja alikuwa ameing'oa termostati akidhani anasaidia.

Kuhusu kung'oa termostati nina ugomvi wa kudumu na nusu ya mafundi wa mji huu. Wanasema magari ya Bukavu yanapata joto milimani, haihitajiki. Bila termostati, asubuhi yetu ya baridi, injini inakaa chini ya moto wake wa kazi kwa safari nzima. Kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaongeza esansi, yaani petroli, bujie, zile plagi za cheche, zinakuwa nyeusi, oili inachanganyika na mafuta, na mtu anarudi akilalamika kwamba gari linakunywa. Hapo anauziwa bujie.

Na si kila uzito ni ugonjwa. Hewa kwenye kimo chetu ni nyepesi, shinikizo lake limepungua karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake hata ikiwa mpya. Kuna watu wananunua gari lililopita Mombasa au Dar es Salaam, wanaambiwa jinsi lilivyokuwa linaruka kule, wanalipandisha hadi Bagira na kuanza kununua pampu ya mafuta, kichujio, sondi, vile vihisi vya injini. Pima shinikizo la mafuta kwanza. Likiwa sawa, uliloliona ni mlima.

Jambo la mwisho ni ile taa ya injini ya rangi ya machungwa. Siku hizi kila kijana ana kile kichwa kidogo cha Bluetooth na programu kwenye simu, vya kusoma misimbo ya makosa ya gari. Ninafurahi kwa hilo, kwa kweli. Lakini msimbo ni shahidi, bado hujasikia kesi. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Nimeona watu watatu wakinunua sondi ya oksijeni kwa sababu ya msimbo huo, na sondi ndiyo iliyokuwa inasema kweli! Wa kwanza alikuwa na bomba la hewa lililopasuka nyuma ya kichujio, wa pili kichujio cha esansi kimejaa takataka za bidoni, wa tatu kipima hewa kichafu. Kwenye lile la kwanza nilipulizia maji kidogo juu ya mpasuko, injini ikabadilisha sauti palepale.

Wenye magari ya Japani ya miaka ya 90 msikate tamaa mkiambiwa gari halisomeki. Toyota nyingi za wakati huo zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani tafuta matundu ya TE1 na E1, yaunganishe kwa kipande cha waya, washa kontakti kwa ufunguo bila kuwasha injini, hesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili: hiyo ni 22, sondi ya joto la maji au waya wake. Nne, kituo, moja: 41, sondi ya koo la injini. Hakuna simu, hakuna intaneti. Na kwenye 22 usinunue kitu bado. Chomoa sondi, ipime ohmu. Ikiwa baridi, kama nyuzi 20, itakupa kati ya 2,000 na 3,000. Ikipata moto wa nyuzi 80, kati ya 200 na 400. Ikijibu hivyo, ni nzima, fuata waya.

Betri ya tatu ya mama yule haikurudishwa, dukani walikataa. Niliiweka kwenye gari, kwa kuwa ile ya pili ilikuwa imekwisha kudhoofika, nikaichaji ya pili polepole siku mbili, ikapata nguvu ya kutosha kuwasha taa na redio nyumbani kwake umeme ukikatika. Nilikataa kumtoza kazi ya siku ile, naye akanikatalia, akaacha kipande cha kitenge juu ya meza yangu.

Jumamosi iliyopita nilipita Kadutu kununua nyanya. Gari lake lilikuwa pale kando ya barabara, limetazama mlimani.